Umepewa watu wa kuwasimamia? Anza na mambo matano ya Rajagaha

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. "Dada, nimefanywa msimamizi, vijana hawanisikilizi." "Nina duka la watu sita, kila baada ya miezi miwili mmoja anaaga." "Nawalipa vizuri kuliko jirani, mbona wamenuna?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Sasa naandika yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili anayetaka kuanza wiki hii aanze.

Nasimamia tanuri la mikate Tanga, watu 14, zamu mbili. Ninayoyaeleza hapa nimeyatoa India ya kale, nikayajaribu kwenye unga na moto. Yaliyonifaa kuliko yote ni maneno machache ambayo Buddha, mwanzilishi wa dini ya Kibuddha, alimwambia kijana mmoja kwenye mji wa Rajagaha, ambao leo unaitwa Rajgir, jimbo la Bihar. Kijana huyo, Sigala, alikuwa ametoka kuoga alfajiri, nguo na nywele bado zimelowa, amekunja mikono anainamia pande sita: mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu. Alipoulizwa sababu, akasema baba yake alimuusia hivyo akiwa kitandani kwa mauti. Buddha akamwambia kila upande una watu wake. Mashariki ni wazazi, kusini walimu, magharibi mke na watoto, kaskazini marafiki, juu watawa, na chini ni watumishi na wafanyakazi. Ukitaka kuuheshimu upande, watimizie watu wake haki yao.

Kwa watu wa upande wa chini akataja mambo matano ambayo mwajiri anadaiwa: awape kazi kwa kadiri ya nguvu zao, awape chakula na ujira, awauguze wakiugua, agawane nao vitu vitamu vya nadra, awaachie wapumzike kwa wakati wake. Baada ya hapo ndipo yakafuata matano ya mfanyakazi: aamke kabla ya bwana wake, alale baada yake, achukue alichopewa tu, afanye kazi yake vizuri, amsemee mema. La mwajiri limetangulia. Wengi wanaoniuliza wanataka tuanzie kwa mfanyakazi: nifanyeje wawahi, nifanyeje wasidokoe. Nakuomba uanze na deni lako mwenyewe, maana hilo ndilo unaloweza kulilipa kesho asubuhi bila kumsubiri mtu.

Huhitaji kubadili dini. Kwetu wapo Waislamu na Wakristo, na hakuna aliyeombwa kuamini chochote. Pia si kila cha India ya kale tunakichukua. Dunia ile ilikuwa na watumwa na matabaka ya kuzaliwa, na mafundisho hayo ya Rajagaha yenyewe yanawataja watumwa bega kwa bega na watu wa ujira. Tunachukua wajibu wa mwenye kazi, basi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la karatasi. Usitumie simu, ukiitoa mbele ya mtu anayekueleza shida, ataona unachati.
- Majina ya watu wote, pamoja na kibarua wa siku, mlinzi wa usiku na anayefagia.
- Tarehe ambazo mishahara ya miezi sita iliyopita ilifika mkononi. Usiandike tarehe ya kwenye mkataba, andika ile hela ilipofika.
- Kifungu kidogo cha fedha kila mwezi. Sisi tulianza na thamani ya mikate 40.
- Wiki mbili za kutazama tu, bila kubadilisha kitu.

Hatua ya 1: Andika nguvu za kila mtu

Hii ndiyo hatua ndefu, usiirukie. Kila mtu mpe ukurasa wake. Andika mambo manne: anachofanya sasa, anachokiweza bila kuumia, anachokijua kuliko wenzake, na kinachomlemea. Wiki ya kwanza jaza kwa macho. Wiki ya pili ndipo uulize, mmoja mmoja, pembeni.

Kwetu yuko mzee wa tanuri. Siku ya nne ya kutazama niliona kitu ambacho nilikuwa nakipita kila siku: kabla ya kuinama kuchukua gunia la unga, anashika mwimo wa mlango wa stoo kwa mkono wa kushoto, anatulia, anavuta pumzi, ndipo anashuka. Gunia ni kilo 50.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mgongo vipi?"

"Wa siku nyingi huo."

"Nani alikupa kazi ya magunia?"

Akafikiri. "Hakuna aliyenipa. Nilibeba siku moja, ikawa yangu."

Kazi nyingi kwenye sehemu zetu hugawika hivyo. Mtu alishika siku moja mwenzake alipochelewa, ikaganda kwake miaka. Wafafanuzi wa kale wa mafundisho ya Rajagaha walilisema wazi: kazi ya vijana isitwishwe wazee, wala ya wazee isitwishwe vijana. Magunia tuliwapa vijana wawili wa zamu ya usiku. Mzee akabaki na moto, ambao anaupima kwa kuingiza mkono mlangoni mwa tanuri na kuhesabu, na tukamwekea kijana wa kujifunza hesabu hiyo. Alifurahi kuombwa kufundisha kuliko alivyofurahi kutua magunia.

Ukishajua nguvu, kabidhi. Hapa nachukua beti moja ya Tirukkural, kitabu cha Kitamil chenye beti 1,330 katika sura 133. Beti ya 517 inaweka mpangilio: pima kwamba kazi hii, kwa njia hii, huyu ataimaliza, kisha mwachie. Maswali matatu, halafu unaondoa mkono. Mimi nayaandika daftarini kama yalivyo: kazi gani, kwa vifaa gani, nani. Nikishindwa kujibu la pili, sikabidhi, kwa sababu ninakuwa nimempa mtu lawama wala sijampa kazi.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuuliza kwenye kikao, "Nani hawezi kazi yake?" Mbele ya wenzake kila mtu anaweza. La pili ni kukabidhi kisha kusimama nyuma ya bega la mtu. Ukiona mkono wako unawasha, toka nje uhesabu kreti.

Hatua ya 2: Ujira uwe na tarehe, na ujulikane

Arthashastra, kitabu cha utawala kinachohusishwa na Kautilya, mshauri wa mfalme wa India ya kale, kilipotea machoni pa wasomi kwa karne nyingi hadi msomi R. Shamasastry alipoitambua nakala yake Mysore, India, mwaka 1905. Watu wanakijua kwa siasa na vita. Mimi nilishikwa na ukurasa unaohusu vibarua. Kinasema makubaliano ya mtu na mwajiri wake yajulikane na majirani. Yaani mashahidi wawepo. Kama ujira haukutajwa mwanzoni, mkulima apate sehemu ya kumi ya mavuno, mchungaji sehemu ya kumi ya samli, mchuuzi sehemu ya kumi ya bidhaa aliyouza. Na mwajiri asiyelipa ujira anatozwa faini.

Ufanye hivi:

a) Andika ujira wa kila mtu, posho yake na tarehe, msaini wote wawili, na nakala abaki nayo. Hata kibarua wa siku tatu.

b) Chukua zile tarehe za miezi sita. Kama zimeyumba, chagua tarehe unayoiweza kweli. Tarehe 5 isiyoyumba ni bora kuliko tarehe 28 ya ahadi.

c) Ukijua utachelewa, sema mapema, na utaje siku. Usimwache mtu aanze kukisia akiangalia sura yako.

d) Chakula. Neno la asili linaweka chakula na ujira pamoja. Kwetu zamu ya usiku inapata chai na mkate wa moto saa 10 alfajiri, tunakaa chini tunakula. Msimamizi anakula pale pale.

Onyo kubwa: kuna ubeti maarufu wa Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2 ubeti wa 47, unaosema haki yako ni juu ya tendo, si juu ya matunda yake. Nimewahi kusikia mwenye kazi mmoja akiwasomea watu aliokuwa hajawalipa miezi miwili. Ubeti huo mungu Krishna anamwambia Arjuna, shujaa mwenye nafasi kubwa, kuhusu moyo wake mwenyewe. Jisomee wewe, pale unapotaka kusifiwa kwa kila unalofanya. Mfanyakazi anadai ujira wake na ana haki ya kuudai.

Hatua ya 3: Fungua mlango, kwa saa maalumu na kwa dharura

Mfalme Ashoka, aliyetawala karne ya 3 KK, alichonga amri zake kwenye miamba. Mmojawapo uko Girnar, karibu na Junagadh, Gujarat, upande ule ule ambako wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa pwani yetu walitokea. Katika amri ya sita anatangaza kwamba waleta habari wamfikie wakati wowote na shida za watu: awe anakula, awe ndani kwa wake zake, awe safarini au bustanini. Kautilya naye anaonya mfalme asiwasimamishe mlangoni waliokuja kumwona.

Wewe si mfalme, na ukijaribu kupatikana saa 24 utachoka ndani ya mwezi. Weka nusu saa kila siku, pale pale, kiti kile kile. Mimi nakaa kwenye benchi la nje ya stoo saa 1 hadi saa 1 na nusu asubuhi, zamu zinapopishana. Kwa dharura ya ugonjwa, msiba au ajali, simu inapokelewa saa yoyote. Siku tatu za mwanzo hakuna atakayekuja. Kaa hivyo hivyo.

Onyo: Arthashastra pia ina sura za majasusi wa kuwachunguza maofisa. Usiguse. Ukimweka kijana mmoja akuletee maneno ya wenzake, baada ya wiki wote watajua ni nani, na benchi lako halitakaliwa tena.

Hatua ya 4: Mgonjwa auguzwe

Angalia neno: kuuguza. Halikusemwa "aruhusiwe kwenda nyumbani." Wasimamizi wengi tunadhani tukishasema "pole, nenda kapumzike" tumemaliza, na jioni hatujui hata amelala wapi.

Mtu akiugua: siku ya kwanza piga simu wewe, usimtume karani. Uliza kama amepata hospitali na nani yuko naye. Siku ya tatu mtu aende, na aende na kitu mkononi. Nafasi yake isigawiwe kwa maneno ya "tuone kama atarudi". Mwambie waziwazi nani ameshika kwa muda. Akirudi, wiki ya kwanza mpe kazi nyepesi, na urudie ukurasa wake wa hatua ya kwanza, maana nguvu zake si zile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Wengi hawaijui. Ibandike ukutani. Na Kautilya alikwenda mbele zaidi: mtumishi wa mfalme akifia kazini, wake na watoto waendelee kupata posho na ujira. Sisi hatuna uwezo huo, lakini tuna mfuko wa msiba, na kiwanda kinachangia kabla ya wafanyakazi kuanza kuchanga.

Hatua ya 5: Gawana kitamu

Wasomaji hulipita hili kama jambo la kitoto. Lipe uzito. Ni lile lile kwa maneno ya kale: ukipata kitu chenye ladha ya nadra usile peke yako. India desturi hii imekaa kwenye Diwali, sikukuu ya Wahindu, wenye kazi wanapogawa mithai (vitamutamu) na bonasi, na sheria ya bonasi ya mwaka 1965 iliifanya bonasi kuwa ya lazima kwenye viwanda, na baadaye kiwango cha chini kikawa asilimia 8.33 ya ujira wa mwaka, yaani kama mshahara wa mwezi mmoja.

Anza kidogo. Mteja akileta halua ya shukrani, iende meza ya kati, isipite ofisini kwanza ikatoka nusu. Mkipata oda kubwa ya harusi, ile mikate 40 ya kifungu chako iende majumbani kwao. Na sifa ni kitamu pia: mteja akisifu mkate, mpigie simu aliyeukanda umsomee maneno yale yale.

Kosa: kugawa kwa vyeo. Mlinzi akipewa kipande kidogo kuliko karani, bora usingegawa.

Hatua ya 6: Waachie kwa wakati

Wafafanuzi waliligawa jambo hili mara mbili. Kuna kuachia kwa kila siku, kwa sababu anayefanya kazi kutwa bila kupumzika huchoka. Na kuna kuachia kwa majira, wakati wa sikukuu, tena si mikono mitupu bali na chakula na mapambo.

Kwa kila siku: taja saa ya kutoka, ikifika sema kwa sauti, "Saa imetimia, nendeni." Usingoje waombe. Kwa majira: tengeneza kalenda ya mwaka mzima Januari, kila mtu aandike siku zake mbili asizotaka kukosa. Idi, Krismasi, maulidi, mahafali ya mtoto. Waislamu washike zamu ya Krismasi, Wakristo washike ya Idi. Kwetu walijipangia wenyewe. Likizo ya mwaka, siku 28, iandikwe kwenye kalenda hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Tafuta mtu wa kukukemea

Tirukkural, beti ya 448, inasema mfalme asiye na wa kumkemea ataangamia hata kama hana adui wa kumwangamiza. Chagua mtu mmoja, mkubwa kwako kwa umri au uzoefu. Kila mwisho wa mwezi muulize swali moja: "Mwezi huu nimemkosea nani?" Kisha nyamaza. Mimi nilimwomba mzee wa tanuri. Mwezi wa kwanza alisema hakuna. Wa pili alisema, "Ulimfokea yule binti mbele ya wanunuzi." Nikamwomba binti radhi, mbele ya wale wale wa zamu yake.

Na wewe unapomkosoa mtu, Gita 17:15 inakupa kipimo cha maneno: yasimtibue mtu, yawe kweli, ya kupendeza na yenye faida. Likikosekana moja, subiri mpaka asubuhi.

Mambo yakikwama

"Nimegawa kazi kwa nguvu, wananiambia napendelea." Huenda ulibadilisha bila kueleza. Rudi, taja sababu bila kuanika ugonjwa wa mtu. Sema, "Huyu anabaki na moto kwa sababu anaujua," inatosha. Pia angalia kama aliyepewa kizito ameongezewa posho.

"Wanatumia ugonjwa kudanganya." Yupo mmoja, pengine wawili. Usibadilishe utaratibu wa watu 14 kwa ajili yake. Nenda umtembelee siku ya tatu kama hatua inavyosema. Anayeumwa atafarijika, asiyeumwa atakuwa kazini kesho yake.

"Benchi limegeuka la umbea." Msikilize mtu juu ya kazi yake na shida yake. Akianza habari za mwenzake, mwambie, "Mwite, tuzungumze watatu."

"Hela hakuna." Kautilya anamwambia mfalme mwenye hazina ndogo atoe mali ghafi, mifugo na mashamba, pamoja na fedha kidogo. Waoneshe daftari la mauzo, kisha muulize kila mmoja kama unga, mafuta au siku ya mapumziko vinamfaa badala ya nyongeza. Nyongeza nasema, mshahara uliokubaliwa haubadilishwi kwa unga.

"Bosi wangu wa juu hataki haya." Fanya yasiyohitaji saini yake: kugawa kazi, benchi, simu kwa mgonjwa, halua, saa ya kutoka. Hizo ziko mikononi mwako. La tarehe ya mshahara mpelekee kwa maandishi, pamoja na tarehe zako sita.

"Nimefanya miezi mitatu, bado mtu ameondoka." Muulize siku ya mwisho, mkiwa wawili, ni lipi kati ya yale matano hukumtimizia. Andika jibu lake kwenye ukurasa wake, usiuchane. Wetu wa mwisho kuondoka alisema, "Dada, nimepata kazi karibu na mama yangu." Tulimfungia mikate sita.